Jina Lililokwenda Sekondari

Martina mwanangu,

Habari za godoro, ndoo, kufuli la sanduku na pesa ya kushika mkononi mama yako amezimaliza, sina la kuongeza. Mimi nakuandikia jambo nililoshindwa kukuambia mdomoni wiki hizi mbili, kwa sababu kila ukikaa karibu yangu nasikia kinyaa. Najua ni neno zito kwa baba kumwandikia binti yake anayekwenda kidato cha tano. Nimejaribu kutafuta jingine. Hasira siyo, huzuni siyo. Ni kinyaa, kile cha mtu aliyekuta unywele kwenye mboga baada ya kula nusu ya sahani. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba sehemu kubwa ya kinyaa hicho si juu yako, lakini sehemu yako ipo na sitaificha.

Unaikumbuka siku yule mama wa Kibarabaig alipokuja kutafuta dawa ya ndama. Ulikuwa kibarazani na rafiki yako Joyce, anakusuka. Mimi nilikuwa chumbani nachanganya dawa, dirisha wazi. Yule mama ni mtu wa umri wa bibi yako, na hukumpa shikamoo. Ulivuta kola ya sweta ukaziba pua. Joyce akakutania kwamba mbona humwamkii shangazi yako, si jina lako ni la Kibarabaig. Ukamjibu, "Koma. Hilo jina tuliazima tu, sisi siyo hao. Baba analifuta kabla sijaripoti shule." Halafu ukamwigiza. Ulilivuta neno "dawa" kama alivyolivuta yeye, ukasimama na fimbo ya hewani, ukatikisa shingo kana kwamba umevaa shanga. Joyce alicheka mpaka akaegemea ukuta. Yule mama anajua Kiswahili, Martina. Alisikia yote, akaendelea kusimama pale juani kwa sababu ndama wake alikuwa anaharisha na dawa ilikuwa kwangu.

Uliigiza vizuri sana. Na kipaji hicho najua umekitoa wapi. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Tumepanga kesho tukifika Babati tushuke kwenye basi, twende kwa hakimu, niape kwamba kuanzia sasa wewe si Martina Gidayoda bali ni Martina Bura, kwa jina nililopewa na wazazi wangu kule Nambis. Ndiyo zawadi uliyoniomba ulipofaulu. Nilikubali haraka, nikafurahi hata. Sasa kabla hatujashuka kwenye hilo basi nataka ujue jina unalotaka kulitupa lilipita wapi, kwa maana mimi nilikueleza nusu tu.

Nusu hiyo nilikueleza ulipokuwa kidato cha pili. Ulirudi likizo umevimba macho. Wenzako bwenini walikuwa wakikuita Mang'ati, neno ambalo wenyewe Wabarabaig hawalipendi, na wakishika pua ukipita. Nikakuketisha jikoni nikakwambia usilie, hawakucheki wewe, sisi ni Wairaqw, jina ni la kuazima kwa ajili ya shule. Ulinyamaza, ukanawa uso, ukala ugali wako wote. Usiku ule nilijiona baba hodari. Sikujua kwamba nimekufundisha kuchukua kicheko ulichochekwa na kumkabidhi mtu mwingine.

Nusu nyingine ni hii. Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa. Nafasi za sekondari wakati ule zilikuwa chache, darasa zima aliweza kwenda mmoja au asiende mtu, na kurudia kwa jina lako haikuruhusiwa. Lakini njia ilikuwepo, kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja kwa sauti. Unatafutiwa shule ya mbali ambako kuna mtoto aliyeacha masomo lakini jina lake bado linaitwa kila asubuhi. Unakwenda unaitika wewe. Watu wengi wazima unaowapa shikamoo hapa mjini waliitika hivyohivyo, na watoto wao wanabeba majina ya watu ambao hawajawahi kuwaona.

Mjomba wangu alikuwa anaishi Endasak, nchi ya Wabarabaig, kwa hiyo baba yangu akaenda kuongea na mwalimu mkuu wa shule moja upande ule. Alikwenda na beberu wetu mkubwa wa mbuzi, akarudi peke yake. Wiki iliyofuata nilihamia kwa mjomba, na mwalimu akanionyesha dawati karibu na mlango. Mwenye dawati, Gidayoda, alikuwa ameondoka na ng'ombe wa baba yake kufuata majani, maana mwaka ule mvua ilikuwa mbaya. Asubuhi ya kwanza jina lilipoitwa darasa zima liligeuka kunitazama. Nikaitika. Mwalimu akaendelea na jina linalofuata. Mwisho wa mwaka nikafanya mtihani, nikafaulu.

Sekondari ilikuwa ya bweni, mbali, wanafunzi wametoka kila upande. Ndio wakati mambo yalipoanza kufunguka. Mitumba ilimwagika kwenye minada, maduka yakajaa sabuni zenye manukato, na ghafla kila kijana akawa na rangi yake na harufu yake. Sisi tuliotoka vijijini tuliwatazama watoto wa mjini kama wanavyotazamwa wageni wa heshima. Na mimi siku ya kwanza tu nilipoitwa mbele ya wanafunzi wote, mtu mmoja nyuma alisema, "Mang'ati huyo, fungueni madirisha."

Ungetegemea nisiumie. Sikuwa mimi. Mimi ni Bura wa Nambis, nimekulia kwenye mahindi na maharage, samli wanayosemwa Wabarabaig kujipaka sikuijua hata ladha. Lakini umri ule, mwanangu, mtu hana kitu cha ndani cha kushikilia. Anajisoma kwenye nyuso za wenzake, na wakikunja uso anaamini kuna uvundo. Nikaanza kuisikia ile harufu. Nakwambia kweli, niliisikia samli kwenye shuka zangu, kwenye kwapa, kwenye daftari. Nilijisugua kwa jiwe mpaka ngozi ya shingo ikatoka. Niliuza sweta nililofumiwa na mama nikanunua sabuni ya manukato, nikawa ninafunga kipande chake kwenye leso na kulala nacho puani. Harufu haikutoka kwa sababu haikuwepo.

Halafu nikagundua dawa. Jumamosi moja ya burudani, mtu ambaye alikuwa aimbe aliugua, wakanisukuma mimi jukwaani ili wanicheke. Nikachukua shuka la kitandani nikalifunga begani, nikachukua fagio kama fimbo, nikasimama kwa mguu mmoja. Nikaongea Kiswahili cha kukatakata. Nikajipaka mafuta ya taa kidogo kichwani kana kwamba ni samli, nikanusa mikono yangu, nikaanguka nimezimia. Ukumbi ulipasuka. Mwalimu wa zamu alitoa leso akafuta machozi. Usiku ule watu walinipisha nipite, wakanigusa bega, mvulana wa mjini akanipa nusu ya mkate wake.

Tangu hapo nikawa na nafasi yangu duniani. Nilijulikana. Wasichana walijua jina langu, lile la kuazima. Kila Jumamosi nilitafuta uchafu mpya wa kuwapa: leo nitamwigiza mama wa Kibarabaig anauza maziwa, wiki ijayo mzee anapanda basi mara ya kwanza. Mambo yenyewe sikuyajua, niliyatunga kutokana na yale tuliyosema sisi Wairaqw nyumbani tukiwa tumeshiba. Na nikiona aibu kidogo nilijiambia maneno yaleyale niliyokuja kukwambia wewe jikoni: hawanicheki mimi, mimi siyo hao.

Kulikuwa na mvulana mmoja wa Kibarabaig wa kweli, darasa moja nyuma yangu, mkimya. Kila burudani ikianza alitoka nje. Siku moja alinisubiri njiani kwenda bombani akanisemesha Kidatoga, lugha yao. Sikuelewa. Akaniuliza kwa Kiswahili mimi ni wa ukoo gani. Nikababaika, nikasema mama yangu ni Mwiraqw na nimelelewa kwao. Uso wake ukalegea. Alisema, "Afadhali. Nilikuwa naona aibu nikidhani wewe ni wetu." Akachota maji akaenda zake. Ungefikiri niliacha. Niliendelea mpaka kidato cha nne, ila nilihakikisha siangalii mlango.

Baadaye nilisomea mifugo, nikafanya kazi mikoa mingine, nikamwoa mama yako, ukazaliwa. Mkoa wa Arusha ulipogawanywa na sisi tukawa Manyara, nikapangiwa huku Hanang. Ofisini wanajua jina langu la vyeti. Huko majoshoni na mazizini watu hawahitaji jina langu, ni Bwana Mifugo basi, na mimi nililipenda hilo. Sikumtafuta mwenye jina. Nilijiambia ameshakufa au amehamia mbali.

Siku moja tulikuwa tunachanja kule bondeni chini ya mlima. Mimi nachoma sindano, msaidizi anahesabu, na kila mwenye ng'ombe anataja jina niliandike. Akaja mtu mrefu wa umri wangu, kovu kwenye kidevu. Nikamwuliza jina. Akasema kwa utaratibu kabisa, kama mtu aliyelijibu swali hilo mara nyingi, "Andika Sekondari. Lile lingine lilikwenda kusoma." Foleni nzima ikacheka. Wakanieleza kwa zamu, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Mvua ziliporudi, bwana huyu akiwa kijana alirudi shuleni, madaftari yake ameyafunga kwenye mfuko wa nailoni yasilowe njiani. Akamkuta mwalimu mkuu. Mwalimu akamwambia, "Jina lako limefaulu, limekwenda sekondari. Wewe rudi nyumbani." Akarudi. Tangu siku hiyo watu wanamwita Sekondari, hata watoto wake ni watoto wa Sekondari.

Naye alikuwa anacheka. Hadithi hiyo yeye mwenyewe anaisimulia vizuri, amejua wapi pa kunyamaza. Na mimi, Martina, nilicheka. Nilishika kalamu nikaandika Sekondari, nikamchomea ng'ombe wake, nikaosha mikono. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikimwona kila chanjo, nikimwandika hivyo, na akipita nyuma yangu nilisikia ile samli ya bwenini imenirudia puani.

Hayo ndiyo niliyokaa nayo nilipokusikia kibarazani. Jumamosi iliyopita nilikwambia nakwenda kuangalia ugonjwa wa kwato. Nilipanda pikipiki hadi Endasak nikateremka kwa miguu hadi kwake. Nilikuwa nimejipa sababu safi: nakwenda kumwambia jina lake tunamwachia. Nilidhani atafurahi.

Nilimkuta anatengeneza uzio wa zizi. Tunalingana, lakini siku hiyo ningeweza kumpa shikamoo. Mke wake akaniletea kigoda, akaingia ndani kuleta maziwa. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba aliyeondoka na jina lake ni mimi. Kwanza alicheka, alidhani nimekuja kuongeza chumvi kwenye hadithi. Kisha akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Wewe?"

"Mimi."

"Miaka yote nilijua ni daktari kule Haydom. Au mbunge. Gari kubwa likipita hapo barabarani nasema labda ni yule." Akatema mate pembeni. "Kumbe ni wewe, wa sindano za ng'ombe."

Nimewahi kukaripiwa na wakubwa wa kazi mbele za watu. Hakuna aliyewahi kunipima na kuniona mwepesi kama yeye. Alikuwa amesamehe kiasi fulani, naona, kwa kujipa moyo kwamba kilichochukuliwa kimekuwa kitu kikubwa mahali fulani. Na mimi nikaja na buti zangu za mpira kumwonyesha kilivyoishia.

Nikaendelea tu, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Nikamwambia habari ya Babati, kwamba jina tunalifuta kwa mtoto, na mimi nitafuata. Akauliza kwa nini sasa. Ningeweza kusema ni haki yake. Nikasema ukweli, kwamba shuleni linachekwa.

"Linachekwa?" Hilo hakulijua. Unaelewa? Katika kulifikiria kwake kote, kwenye hospitali na kwenye magari, hakuwahi kufikiri kwamba mahali lilipokwenda lilikuwa linachekwa. "Tangu lini?"

"Tangu nilipofika nalo."

"Na wewe wakati huo unafanya nini?"

Nilitaka kudanganya, nakiri. Lakini mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu, na sikuweza. Nilimweleza yote, shuka, fagio, mafuta kichwani, mwalimu anayefuta machozi. Mke wake akageuka akarudi ndani na maziwa yake. Sekondari akasema niende. Hakupandisha sauti. Niliinuka, nikafika kwenye miiba ya geti, ndipo akasema nyuma yangu, "Mtoto asilifute. Likifutwa leo, basi lilikwenda huko kuchekwa tu."

Nilitembea kupanda kule mlimani mpaka Endasak nikifikiri nitakuambiaje. Nimefikiri mpaka leo jioni, sanduku lako limeshafungwa na mama yako ananiuliza ninaandika nini kirefu hivyo.

Sikuamrishi, Martina. Yule mtu ana haki ya kutuomba, mimi sina haki ya kukulazimisha. Nilikulea nikikwambia jina hilo si letu, siwezi leo kugeuka nikakutwisha kama mzigo wa ng'ombe niliyemwiba mimi. Ukiniambia kesho tushuke Babati, nitashuka, nitaapa, na Bura ni jina zuri, babu yako alilipenda. Huko uendako kuna watoto wa Arusha na Moshi na wana simu za kupiga picha, watajua wewe ni mshamba kabla hujafungua mdomo. Sikulaumu ukitaka kupunguza kimoja cha kukuchekea.

Ila nijue kwamba umeelewa ninachokichukia. Sikuchukii wewe kwa kuona aibu, aibu ni ya umri wako na itapita kama chunusi. Ninachotapika ni ule ustadi, wetu sisi wawili, wa kujitengenezea nafasi kwa kumchafua mtu asiyekuwepo. Mimi ustadi huo ulinifikisha hadi hapa. Nina kazi, nyumba ya bati, mke mwema na binti mwenye akili. Na bado sijui ningekuwa nani kama ningenyamaza tu Jumamosi ile ya kwanza. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya yote, kwamba sijui, na nimeshazeeka mno kujaribu tena.

Yule mama ndama wake alipona. Amekuja jana na maziwa ya kushukuru, ulikuwa sokoni. Aliuliza yule binti mchekeshaji anasafiri lini.

Ukiacha jina lilivyo, siku utakayoripoti mtapangwa mistari na mwalimu wa zamu ataita majina ya wageni. Lako litafika. Atalisoma kwa shida, atarudia, na nyuma yako mtu atasema kitu, yupo kila shule. Wenzako watageuka wakutazame uso wako, waone kama wana ruhusa ya kucheka. Itakuwa muda mfupi tu, na mimi sitakuwepo.

Mimi niliwapa ruhusa.

Baba yako